Kuhamisha matairi ya gari ndogo hapa Goma, kwa kriki (jeki) moja tu

Ukiwa na Vitz, IST, Starlet au gari nyingine ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele, matairi ya mbele yataisha kabla ya ya nyuma, upende usipende. Ndiyo yamebeba injini, ndiyo yanavuta, ndiyo yanakata kona, na ukikanyaga breki uzito unainamia huko huko. Ya nyuma yanafuata tu. Tunayahamisha ili yazeeke pamoja, na siku ya kununua ununue manne yanayofanana.

Vitabu vingi vya magari vinasema kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Hiyo ni hesabu ya lami. Mtu anayelaza gari ndani ya mtaa, akiacha barabara kubwa tu anaingia kwenye mawe ya volkano, na kuna mitaa imejengwa juu kabisa ya lava iliyoshuka Januari 2002. Jiwe lile halisagi mpira taratibu, linaukata. Kwa gari ya namna hiyo mimi nasema kilomita 5,000, siku ile ile unayobadilisha mafuta ya injini, maana mikono imeshachafuka. Anayeishi kando ya lami angoje 8,000 bila wasiwasi.

Lakini usihamishe kabla hujayasoma matairi yenyewe. Hapa ndipo wengi wanaruka. Pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani. Kingo zote mbili zikiwa zimeisha na katikati bado kuna mpira, umekuwa ukitembea na upepo mdogo. Katikati ikiisha kwanza, upepo umezidi. Ukingo wa ndani peke yake ukiwa umeliwa, paralelisme (mpangilio wa magurudumu) imeharibika, na hilo dereva halioni akisimama kando ya gari. Ni lazima ukunje usukani hadi mwisho na kuingiza mkono nyuma. Kisha pitisha kiganja kwa kufuata mzunguko wa tairi, kwenda na kurudi. Ukienda ni laini, ukirudi mkono unakwaruzwa kama na meno ya msumeno? Chunguza amortisa (vizuia mitikisiko) na paralelisme. Ukihamisha matairi bila kutengeneza hivyo kwanza, umeipa mbele ya gari matairi mengine mawili ya kula.

Angalia pia kina. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira. Tairi ikishalingana navyo imebaki milimita 1.6, na hiyo haihamishwi, inatolewa. Ubavu nao utazame: ukikuta mkato unaoonyesha nyuzi, au kivimbe, hakuna kwado (fundi wa matairi) wa kuuponya.

Matairi yenye mshale ubavuni yanahama mbele na nyuma upande ule ule tu, hayavuki. Kama ya mbele na ya nyuma yana vipimo tofauti, yaache yalipo.

Sasa kazi yenyewe. Watu wanadhani ni lazima gari nzima iwe hewani. Hapana. Kriki moja na tairi ya akiba vinatosha, hata kama akiba ni ile nyembamba ya muda, mradi inaingia, maana itasimama tu bila kutembea.

1. Tafuta mahali tambarare na pagumu. Kwenye changarawe ya lava, weka kipande cha ubao mnene chini ya kriki, la sivyo itazama au itateleza. Vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, au P kwa otomatiki. Kabla ya kila kuinua, kinga kwa mawe mbele na nyuma ya gurudumu lililo kona ya mkabala. Mawe hatujakosa.

2. Chukua chaki uandike kwenye matairi: A mbele kushoto, B nyuma kushoto, C mbele kulia, D nyuma kulia.

3. Legeza nati za A kidogo wakati gurudumu bado liko chini. Inua kwa kriki pale kwenye alama za kingo za bodi, si popote. Toa A, funga akiba mahali pake, shusha.

4. Nenda nyuma kushoto: toa B, weka A. Mbele kulia: toa C, weka B. Nyuma kulia: toa D, weka C. Rudi mbele kushoto: toa akiba, weka D. Mara tano za kuinua, basi. Ya mbele yamerudi nyuma moja kwa moja, ya nyuma yamekuja mbele kwa kuvuka. Usiingize mkono wala mguu chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake.

Gurudumu likiwa mkononi, chokoa vijiwe vilivyokwama kwenye mifereji kwa bisibisi. Safisha kutu na vumbi pale janti (rimu) inapokaa. Uzi wa nati usipakwe mafuta wala grisi, hata kama jirani anakushauri.

5. Nati zianze kwa vidole, kisha kaza kwa msalaba: moja, halafu iliyo mkabala nayo. Shusha gari ndipo ukaze kabisa. Toyota ndogo nyingi zinataka niutoni-mita 103. Huna ufunguo wa kupimia? Kwa ufunguo wenye mkono wa sentimita 30, hiyo ni kama kusukuma kwa nguvu ya kilo 35 kwenye ncha. Mtu wa kilo 70 akiusimamia kwa miguu amekaza mara mbili ya inavyotakiwa.

6. Pima upepo matairi yakiwa baridi. Kibandiko kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, na gari zetu nyingi za kutoka Japani mlango huo ni wa kulia. Wakati mwingine namba ya mbele na ya nyuma si moja, kwa hiyo matairi yaliyohama yanahitaji kurekebishwa. Kikiandika kPa, 100 ni bar 1.

7. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena nati.

MASWALI

Swali (Katindo): Aksanti sana fundi. Mimi niko na RAV4 ya magurudumu yote manne. Ni vile vile?

Jibu: Ni kinyume, papa. Ya nyuma yanakuja mbele moja kwa moja, ya mbele yanarudi nyuma kwa kuvuka. Tumia herufi zile zile ukirudi nyuma: D inakwenda kwa C, C kwa B, B kwa A, A kwa D. Na kwako usichelewe: matairi yakitofautiana sana kwa kuisha, diferensha (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) zinateseka.

Swali (Majengo): Nilihamisha jana, leo usukani iko inatetemeka nikikimbia njia ya Sake. Kabla ya hapo haikuwa hivyo.

Jibu: Simama kwanza ukague nati zote, sasa hivi. Zikiwa zimekazwa vizuri, basi tairi iliyokuwa nyuma haina balansi (uzito wake haujasawazishwa). Ilikuwa inatetemeka siku zote, ila nyuma hukuisikia mikononi. Ipeleke ifanyiwe balansi.

Swali (Himbi): Pesa ilitosha matairi mawili mapya tu. Kwado anasema yaende mbele. Ni sawa?

Jibu: Mama, yaweke nyuma, na mazuri yaliyobaki mbele. Najua inaonekana kichwa chini. Mvua ikinyesha, tairi chakavu ya mbele ikiteleza utasikia usukani umelegea na utapunguza mwendo. Ya nyuma ikiteleza, gari inazunguka kabla hujaelewa. Kuhamisha kusubiri mpaka tofauti ya kina iwe ndogo.

Swali (Ndosho): Matairi ya okazi (yaliyokwisha kutumika) je? Zinaonekana nzima kabisa.

Jibu: Tafuta herufi DOT ubavuni, mwisho kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iliyopita miaka kumi usiinunue hata kama mifereji ni mirefu; mpira umeshakauka. Rangi nyeusi inayong'aa ndiyo inayouza tairi hizo, usiitazame.

Swali (Birere): Gurudumu moja limebaki na nati tatu kati ya nne. Naweza kuhamisha hivyo hivyo?

Jibu: Hapana kaka. Nunua nati kwanza, yenye uzi ule ule, na iingie kwa vidole bila kulazimishwa. Ikigoma, mwite fundi aangalie msumari wake (bolti inayopokea nati) kabla hujakaza chochote.