Jinsi ya kutumia kivumishi "cantalach" cha Kiayalandi

Cantalach ni mtu mwenye gubu: hununa upesi, hulalamikia kila kitu, ukimsalimia hujibu kwa mkato. Usimchanganye na mwenye hasira za kulipuka. Huyo ni teasaí. Neno limetokana na nomino cantal, yaani gubu lenyewe, na ch yake hutamkwa kama kh ya "kheri" katika vinywa vya watu wa pwani.

Kwanza amua: ni tabia yake, au ameamka vibaya leo? Kwa tabia sema Is duine cantalach é, "ni mtu wa gubu". Kwa gubu la leo tumia nomino: Tá cantal air, neno kwa neno "kuna gubu juu yake". Air hubadilika kwa nafsi: orm kwangu, ort kwako, uirthi kwa mwanamke.

Kosa linalowanasa zaidi wasemaji wa Kiswahili liko baada ya kitenzi tá ("ni, kuna"). Sisi tumezoea "mkali, wakali", kwa hiyo mkono unataka kuandika Tá na fir cantalacha. Sahihi ni Tá na fir cantalach, "wanaume hao wana gubu". Baada ya tá kivumishi hakibadiliki, awe mmoja au wawe kumi, mume au mke.

Upatanisho huja kinapofuata nomino moja kwa moja. Fear cantalach, mwanamume mwenye gubu. Lakini bean chantalach, mwanamke mwenye gubu, kwa kuwa bean ni ya jinsi ya kike, na c ya mwanzo hulainika ikawa kh: "khantalakh". Ng'ombe naye ni bó chantalach. Wingi huongeza -a: daoine cantalacha, watu wenye gubu. Fir chantalacha, wanaume wenye gubu, hulainika kwa sababu wingi huo unaishia kwa konsonanti nyembamba (tazama i kabla ya r). Daoine huishia kwa irabu, basi c inabaki.

Katika umilikishi, mume huchukua -aigh na kulainika: teach an fhir chantalaigh, nyumba ya mwanamume mwenye gubu. Mke huchukua -aí bila kulainika: teach na mná cantalaí, nyumba ya mwanamke mwenye gubu.

Umbo hilo la -aí ndilo la kulinganisha pia: níos cantalaí ná, "mwenye gubu kuliko". Kwa "sana" andika an-chantalach, na kistari. Kwa "kupita kiasi" andika róchantalach, bila kistari.