Kukusanya kolembola na utitiri wa udongoni kwenye tundra ya pwani ya Svalbard

Svalbard ni visiwa vya Norwe karibu na Ncha ya Kaskazini, na tundra ni nyika ya baridi isiyo na miti. Kolembola ni viumbe wadogo wa udongoni wenye miguu sita na wasio na mabawa. Wengi wao na wa utitiri hawafiki hata milimita 3, kwa hiyo kazi nzima inategemea unakata udongo wapi na unawatoaje humo.

Hatua ya 1: Chagua mahali. Hapa usiwe na haraka. Mita chache tu zinatosha kubadilisha jamii nzima ya viumbe. Anzia ufukweni penye mwani unaooza; huko kuna utitiri *Ameronothrus lineatus* na kolembola *Hypogastrura viatica*, wasiojali chumvi. Panda hadi kwenye mosi, ile mimea mifupi inayotanda kama zulia pale maji yanaposimama, kisha umalizie kwenye kigongo kikavu chenye mmea mfupi wa maua meupe, *Dryas octopetala*. Usipaache chini ya majabali wanakozalia ndege wa baharini: kinyesi chao hurutubisha udongo, na kolembola *Megaphorura arctica* hujazana hapo. Vipande vitano vya udongo kila mahali vina faida kuliko hamsini vya sehemu moja. Na awepo mwenzako wa kuangalia dubu, maana aliyeinamia udongo haoni mgongoni kwake.

Hatua ya 2: Kata. Bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 5, kina hichohicho. Usishindilie. Lebo iandikwe kwa penseli, kwani wino wa kalamu huyeyuka ukiguswa na ethanoli, alkoholi ya kuhifadhia viumbe. Sampuli zikae kwenye ubaridi.

Hatua ya 3: Faneli ya Tullgren, kifaa cha kuwatoa viumbe udongoni kwa joto. Weka kipande juu ya wavu kikiwa kimepinduliwa, upande wa mimea chini, ili wanyama watokee kwenye vijitundu vyao vya kawaida. Balbu inakaa juu, chupa ya ethanoli chini. Wanakimbia joto na ukavu hadi wanadondoka. Ongeza joto kidogokidogo kwa siku kadhaa. Ukianza na balbu kali, wenye mwendo wa pole watakaukia humohumo. Mosi uliolowa unahitaji muda zaidi.

Hatua ya 4: Tenganisha kwa hadubini. Miguu minane ni utitiri, ila mabuu wake wana sita, na hapo wanagenzi wengi hudanganyika. Tafuta antena: kolembola anazo, utitiri hana. Usitegemee ule mkia wa kurukia, kwa sababu *Megaphorura* hana. Angalia kijibomba kilicho chini ya tumbo la kolembola. Kolembola *Folsomia quadrioculata* utamjua kwa vijicho viwili kila upande wa kichwa.

Hatua ya 5: Hesabu. Kila kipande kihesabiwe peke yake. Usimimine chupa za mahali pamoja kwenye chombo kimoja, maana tofauti kati ya kipande na kipande ndiyo unayoitafuta.