Kishikwambi kimejaa? Pima kwanza, ufute baadaye

Dada yangu aliniletea kishikwambi chake cha GB 32 akiwa amekata tamaa. "Kaka, nimeshafuta programu kumi na tisa, na bado kinaniambia nafasi imejaa. Hata picha hakipigi." Zile kumi na tisa zilikuwa vitu vidogovidogo: tochi, vikokotoo, mandhari za skrini, michezo miwili ya mafumbo. Nyingi hazikuzidi MB 30. Nilipofungua ukurasa wa hifadhi nikakuta programu moja ya kutazamia video imekalia GB 9. Hiyo hakuigusa kwa sababu anaitumia kila siku. Ndani yake kulikuwa na vipindi vya katuni alivyowapakulia watoto wavitazame safarini bila intaneti, na safari yenyewe ilikwisha miezi saba nyuma. Tulivifuta kwa dakika mbili, programu ikabaki palepale, na kishikwambi kikapumua.

Nimeshughulikia vishikwambi na simu za watu kwa miaka, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni hili la kufuta kwa kutazama aikoni badala ya kutazama hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari, na nafasi nayo ni mali. Kwa hiyo tunaanza na daftari.

Hatua ya 1: Andika hesabu

Kwenye Android fungua Mipangilio, kisha Hifadhi. Kwenye iPad fungua mipangilio, ingia sehemu ya jumla, kisha hifadhi ya iPad. Subiri kidogo, maana hesabu huchukua muda kukamilika, hasa kifaa kikiwa kimejaa. Chukua karatasi, uandike nafasi iliyobaki na majina ya vitu vitano vinavyokula zaidi.

Usishtuke ukiona kishikwambi cha GB 32 hakikupi 32 zote. Watengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali mifumo mingine huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Kwa hesabu hiyo ya pili, 32 inageuka kuwa 29.8 hivi. Juu yake mfumo wenyewe huchukua gigabaiti kadhaa. Sehemu hiyo huwezi kuipunguza, iache.

Hatua ya 2: Elewa akiba na data kabla hujagusa kitu

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo tusiharakishe. Kwenye Android, ukigusa programu yoyote katika orodha ile utaona ukubwa wake umegawanywa mafungu matatu: programu yenyewe, data, na akiba.

Akiba ni vitu ambavyo programu imevishusha ikavihifadhi ili isivitafute tena, kama vile picha ndogo za kurasa ulizokwisha kuzitembelea au vipande vya video ulizotazama. Ukigusa Futa akiba hupotezi kitu chako. Programu itafunguka polepole kidogo mara ya kwanza, basi. Lakini akiba hujirudia. Ukiifuta leo, baada ya wiki moja au mbili imejaa tena. Ni msaada wa dharura, kwa mfano unapohitaji MB 500 sasa hivi ili usasishaji wa mfumo upite.

Data ni kazi yako: akaunti uliyoingia, madokezo, hatua uliyofika kwenye mchezo, faili ulizopakua ndani ya programu. Ukiifuta, programu inarudi kama siku ulipoiweka. Kitufe chake kinakaa jirani kabisa na kile cha akiba. Niliwahi kukigusa kwenye programu ya madokezo ya mwanafunzi aliyeniachia kishikwambi chake. Madokezo ya mwaka mzima yalikuwa humo tu, hayakuwa yamenakiliwa popote, na hayakurudi. Tangu siku hiyo siifuti data ya mtu kabla sijaifungua programu mbele yake na kumwuliza kila kilichomo kinatoka wapi.

Ukikuta data ni kubwa kuliko programu yenyewe, kama GB 9 zile za dada yangu, jibu mara nyingi si kufuta programu. Ifungue, tafuta ukurasa wa vitu vilivyopakuliwa, uvifute humo humo. Programu za muziki, za ramani za kutumia bila intaneti, za vitabu vya kusikiliza na za video ndizo zinazoongoza.

Hatua ya 3: Mambo matatu ya kukagua kabla ya kuondoa programu

La kwanza ni malipo. Kuondoa programu hakusitishi usajili unaolipiwa kila mwezi. Pesa itaendelea kukatwa hata kama aikoni haipo. Ingia Google Play, gusa picha ya wasifu wako, kisha sehemu ya malipo na usajili, usitishe huko kwanza. Kwenye iPad, usajili unaolipiwa kupitia Apple uko ndani ya mipangilio, chini ya jina lako.

La pili ni programu za kutoa namba za uthibitisho, zile zinazokupa tarakimu sita unapoingia kwenye barua pepe au benki. Ukiiondoa bila kuhamisha akaunti zake, unaweza kujifungia nje ya akaunti zako zote. Zihamishie kifaa kingine, ujaribu kuingia, ndipo uondoe.

La tatu ni faili zilizo ndani ya programu tu: rekodi za sauti, michoro, madokezo. Zitoe kwanza.

Hatua ya 4: Ondoa

Kubonyeza aikoni na kuivuta hadi iondoke kwenye skrini si lazima kuwe kumeiondoa programu. Mara nyingi umeondoa njia ya mkato tu, programu bado imekaa na kula nafasi. iPad nayo hukuuliza: kuitoa kwenye skrini ya mwanzo, au kuifuta kabisa. Chagua la pili.

Kwa Android, njia ninayoipenda ni ya Google Play, kwa sababu unaondoa nyingi kwa mpigo. Gusa picha ya wasifu, ingia kwenye kudhibiti programu na kifaa, fungua orodha ya zilizowekwa, kisha uipange kwa ukubwa au kwa zisizotumika sana. Weka alama kwenye zile usizozitaka, gusa alama ya pipa juu. Ukishamaliza, zikagulie kwenye daftari lako.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaitumii. Programu unayoihitaji mara moja kwa miezi mitatu huna haja ya kuifuta kabisa. iPad tangu mwaka 2017 inaweza kuipakua nje: programu inaondoka, data inabaki, aikoni inabaki ili uirudishe kwa mguso mmoja. Android nayo imepata jambo hilohilo kwa jina la kuhifadhi kwenye kumbukumbu, kupitia Google Play kuanzia 2023, na tangu Android 15 kitufe kimo ndani ya mfumo wenyewe. Kumbuka tu kwamba utahitaji intaneti kuirudisha, kwa hiyo usiifanyie hivyo programu ya ramani siku unayosafiri.

Hatua ya 5: Zile zinazokataa kuondoka

Programu iliyokuja na kishikwambi mara nyingi haina kitufe cha kuondoa, ina Zima. Faili lake limekaa kwenye sehemu ya mfumo ambayo wewe huitumii kuhifadhi chochote, kwa hiyo kuizima hakukurudishii nafasi ile. Unachopata ni nafasi ya masasisho yake na data yake, ambayo wakati mwingine ni MB mia kadhaa. Pia haitajiwasha nyuma ya pazia. Ukitaka masasisho yaondoke, kubali pale inapokuuliza kuirudisha kwenye hali ya kiwandani. Watu wengine huunganisha kompyuta na kutumia amri za adb, zana ya kuiamrisha Android kutoka kwenye kompyuta, kuziondoa. Hizo huiondoa kwa mtumiaji tu, faili hubaki kwenye mfumo, na ukiondoa isiyopaswa kuondolewa kishikwambi kinaweza kukataa kuwaka. Kwa ajili ya nafasi peke yake, mimi sioni sababu.

Ikiwa ni programu uliyoiweka mwenyewe na kitufe chake kimefifia, huenda umeipa mamlaka ya usimamizi wa kifaa. Tafuta neno "msimamizi" kwenye kisanduku cha utafutaji cha Mipangilio, uizimie mamlaka hayo, urudi uiondoe. Ikikurushia matangazo kila unapoigusa, washa kishikwambi katika hali salama: kwenye vifaa vingi bonyeza kitufe cha kuzimia, halafu shikilia neno la kuzima kwenye skrini hadi uulizwe. Katika hali hiyo programu zote ulizoweka hulala, nawe unaiondoa kwa utulivu.

Kishikwambi cha shule au cha kazini ni habari nyingine. Kama kinasimamiwa, anayekisimamia ndiye mwenye funguo. Mwombe yeye.

Hatua ya 6: Watumiaji wengine

Vishikwambi vingi vya Android vinaruhusu watumiaji zaidi ya mmoja, jambo lililoanza na Android 4.2 mwaka 2012. Kila mtumiaji ana data yake, na programu uliyoiondoa kwako inaweza kuwa bado ipo kwa mwingine, kwa hiyo faili lake halijaondoka. Angalia sehemu ya watumiaji kwenye Mipangilio. Nimewahi kukuta mtumiaji aliyetengenezwa kwa ajili ya mtoto ambaye sasa ana kifaa chake, na GB 6 za michezo zimelala humo. Kumfuta mtumiaji hufuta kila kitu chake, kwa hiyo fungua kwanza uone picha zake.

Hatua ya 7: Picha, video na pipa

Fungua programu ya faili, panga kwa ukubwa, anza na folda ya vilivyopakuliwa. Utakuta PDF ileile mara nne na faili za usakinishaji ambazo kazi yake ilikwisha siku uliyozitumia. Kwenye WhatsApp, mipangilio ina sehemu ya kudhibiti hifadhi inayokuonyesha kila gumzo limekula kiasi gani. Zima na upakuaji wa kujiendesha wa video, la sivyo utarudi hapa mwezi ujao.

Kwa picha, angalia sana. Ukifuta picha ndani ya Google Photos, inafutika na kwenye nakala iliyoko mtandaoni pia. Unachotaka ni chaguo la kupata nafasi kwenye kifaa, ambalo huondoa nakala za kishikwambini tu, zile zilizokwisha kuhifadhiwa mtandaoni. Picha zilizofutwa hukaa kwenye pipa: kwa Google Photos siku 60 zile zilizonakiliwa na 30 zisizonakiliwa, kwa iPad siku 30 hivi. Mpaka pipa limwagwe, faili zilizo kwenye kifaa bado zinakula nafasi.

Memori kadi ni nzuri kwa picha na video, kama kishikwambi chako kina pa kuiweka. Android nyingine inakuruhusu kuifanya sehemu ya hifadhi ya ndani, lakini ukifanya hivyo kadi husimbwa na haitasomeka kwenye kifaa kingine. Mimi huiacha iwe ya kubeba faili tu.

Na zile programu zinazojitangaza kusafisha na kuongeza kasi, ziache. Kazi zote hizi mfumo wenyewe unazifanya, na nyingi kati ya hizo zinaleta matangazo na kula nafasi ile uliyoitafuta.

Hatua ya 8: Rudi kwenye karatasi

Zima kishikwambi, kiwashe tena, fungua Hifadhi, linganisha na ulichoandika mwanzo. Lenga ibaki angalau sehemu moja ya kumi ya hifadhi yote, kwa sababu hifadhi za aina hii huandika polepole zinapokaribia kujaa, na masasisho ya mfumo yanahitaji pa kufungukia. Ikiwa namba haijasogea, huenda tatizo liko kwenye pipa au kwa mtumiaji mwingine. Kagua hapo kabla hujafuta kitu kingine chochote.