Ukae vipi unapokula ili kiungulia kisikuandame

Ninaowashauri kuhusu lishe hapa Mombasa wakija na kiungulia, mshtakiwa huwa pilipili. Mimi huuliza kwanza: ulikula umekaaje, na ulipomaliza ulijilaza wapi?

Hatua ya 1: Legeza kiuno. Leso, kikoi au mkanda ukikaza, tumbo hubanwa na asidi husukumwa juu kwenye umio, yaani mrija wa chakula utokao kooni.

Hatua ya 2: Tonge lifuate mdomo. Jamvi halina kosa. Kosa ni kuinamia sinia hadi tumbo likunjike. Kalia mto mgumu, nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Mgongo utanyooka wenyewe. Mwenye magoti mabovu achukue kiti, asione haya. Anayekula viazi karai amesimama stendi simkatazi, ila atafune, maana kwa haraka humeza na hewa.

Hatua ya 3: Ukishiba, usijinyooshe. Biriani ya Ijumaa ikiisha, watu hujitandaza mikekani kama samaki wa kuanikwa. Kati ya umio na tumbo pana msuli wa duara unaofunga mlango. Ukikaa, uzito wa chakula hukivuta chini. Ukilala chali, chakula na asidi husogea hadi mlangoni. Subiri saa 2 hadi 3. Tembea polepole, au kaa barazani upige soga. Beseni la vyombo liweke juu ya meza. Kuinama na tumbo limejaa ni kulikamua.

Hatua ya 4: Ramadhani. Fungua kwa tende na maji, uswali Magharibi, ndipo ule futari. Ukisujudu umeshajaza tambi na viazi vya nazi, utacheua tu. Daku nalo lisogeze karibu na Alfajiri, usile saa 8 usiku ukarudi kulala.

Hatua ya 5: Kitanda. Weka vipande vya mbao chini ya miguu ya upande wa kichwani, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hukunja tumbo. Ubavu wa kushoto huzuia asidi vizuri zaidi. Najua tumefunzwa kulalia kuume: asiyesumbuliwa abaki na mazoea yake, anayesumbuliwa aanze na mbao.

Ukimlisha mzee aliyepooza, mketishe wima, kidevu kiiname kidogo, umwache hivyo nusu saa. Akipaliwa, chakula huweza kuingia mapafuni.

Chakula kikikwama kooni au choo kikiwa cheusi kama lami, muone daktari. Kifua kikibana na maumivu yakishuka mkononi, usikiite kiungulia; nenda hospitali saa hiyohiyo.