Kabla Mlango wa Kanisa Haujafungwa: Mambo ya Kuandaa Nyumbani na Kwenye Jumuiya

Sisi wa Kaunti ya Nakuru tulipata Pasaka mbili mfululizo milango ya kanisa ikiwa imefungwa. Ya kwanza ilikuwa tarehe 12 Aprili 2020, mwezi mmoja tangu mgonjwa wa kwanza wa korona atangazwe nchini Kenya. Ya pili ilikuwa tarehe 4 Aprili 2021, siku chache tu baada ya ibada za ana kwa ana kusimamishwa katika kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na yetu. Miaka yote miwili nilikuwa katibu wa jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, yenye nyumba 23. Pasaka ya kwanza ilitukuta mikono mitupu. Ya pili tuliiadhimisha kweli, nyumba kwa nyumba, na kilichotuwezesha ni mambo madogo tuliyokuwa tumeyaandaa kanisa likiwa bado wazi. Nayaandika kwa ajili ya viongozi wa jumuiya, makatekista na wazazi. Maradhi mengine yatakuja, na hayatapiga hodi.

Anzeni na daftari. Kila jumuiya ina daftari la mahudhurio na michango, lakini hilo halitoshi. Nilipofungua letu mwezi Machi 2020 nilikuta nambari za simu za watu waliohama, nambari zilizokwisha kubadilishwa, na nyumba nne zisizo na nambari kabisa. Mama mmoja mjane anayeishi peke yake, simu yake ikiwa imeharibika, alikaa wiki tatu bila kusikia sauti ya mwanajumuiya hata mmoja. Nilipofika kwake hakunilaumu. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, leo ni Jumapili ya ngapi ya Kwaresima?" Swali hilo limenikaa moyoni hadi leo, kwa sababu mtu aliyekuwa hakosi Misa ya alfajiri alikuwa amepotezwa katika kalenda ya Kanisa na sisi tuliosali naye benchi moja.

Daftari la kusaidia liwe na mambo haya: nani anaishi peke yake, na jirani yake wa karibu ni nani, nani ana simu ya kawaida isiyopokea picha wala sauti zilizorekodiwa, nani hasomi, mgonjwa gani hupelekewa Komunyo nyumbani, mama gani ni mjamzito na mtoto gani hajabatizwa, nani yumo katika ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo, na nani anaishi kwa kibarua cha kila siku, ambaye shughuli zikisimama leo, kesho jiko lake halitawaka. Kisha gawaneni nyumba. Sisi tulimpa kila mtu mwenye afya nyumba tatu za kupigia simu kila Jumamosi jioni, na asiye na simu akafikiwa kwa miguu, salamu zikatolewa kutoka langoni. Lipitieni daftari hilo mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa Majilio, majuma yale ya kujiandaa kwa Noeli, na mwanzo wa Kwaresima, ili isiwe kazi ya siku ya dharura. Litunzwe na watu wawili tu. Habari za ugonjwa wa mtu si za kupigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp.

La pili ni meza ya sala nyumbani. Haihitaji fedha nyingi: msalaba, Biblia, mshumaa, chupa ya maji ya baraka, na kitambaa safi cha kutandika. Kinachohitaji muda ni kuzoea kuitumia. Familia ambayo haijawahi kusali pamoja haitaanza kwa urahisi siku ambayo baba amepoteza kazi na watoto wamefungiwa ndani. Ianze sasa, hata kwa fungu moja la rozari kabla ya chakula cha jioni. Mwacheni kila mtoto aongoze siku yake. Kijana wangu wa miaka tisa alijua kuitikia sala zote, lakini nilipomwambia aongoze alikwama kwenye Salamu Malkia. Kumbe alikuwa akifuata sauti za wengine tu.

Masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, Mwaka A, B na C. Mwenye Misale ya waamini, kitabu chenye masomo na sala za Misa, hana shida. Asiyekuwa nayo anaweza kunakili marejeo kutoka kalenda ya liturujia kwenye daftari la shule, Jumapili baada ya Jumapili, na akaishi na Biblia yake tu hata mtandao ukikatika. Tulifanya hivyo kati ya Pasaka ile ya kwanza na ya pili, vijana wakinakili na wazee wakihakiki. Nakala zilipelekwa katika nyumba zote 23.

Kuhusu namna ya kusali Jumapili bila Misa, Kanisa lilikwisha kufikiria hilo kabla ya korona. Kanuni ya 1248 ya Sheria ya Kanisa inasema kwamba pale ambapo Misa haiwezekani, kwa kukosa padre au kwa sababu nyingine nzito, waamini wanahimizwa sana washiriki Liturujia ya Neno au wasali kwa muda ufaao, mtu peke yake, au familia, au familia kadhaa pamoja. Kwa hiyo mzazi anayeongoza sala sebuleni hajavamia kazi ya mtu. Aongoze kwa ishara ya msalaba, somo na zaburi, Injili, kimya kidogo, maombi, Baba Yetu, Komunyo ya tamaa (sala ya kumkaribisha Yesu moyoni pale usipoweza kupokea Komunyo), na amalizie kwa maneno, "Bwana atubariki, atukinge na uovu wote, atufikishe kwenye uzima wa milele." Asichukue sala za padre, wala asiweke mkate na divai mezani kana kwamba anaadhimisha Ekaristi. Niliwahi kuona hilo likifanywa kwa nia njema, na kurekebisha baadaye kulileta maumivu yasiyo ya lazima.

Juma Kuu liandaliwe peke yake. Jumapili ya Matawi, katieni matawi ya mti wowote ulio uani na muyaweke mlangoni. Ijumaa Kuu, Njia ya Msalaba yaweza kusaliwa kutoka chumba hadi chumba, au kuzunguka nyumba kama una nafasi. Mkesha wa Pasaka mwaka 2021 tulikubaliana kwamba saa mbili usiku kila nyumba izime taa, iwashe mshumaa mmoja dirishani, isome habari za kuvuka Bahari ya Shamu, na irudie ahadi za ubatizo. Kafyu haikuturuhusu kutoka, lakini kutoka dirisha langu niliihesabu mishumaa sita. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Misa ya redioni na ya runinga ilituokoa wengi. Wapo pia waliofuata ibada ya tarehe 27 Machi 2020, Papa Fransisko akisimama peke yake katika Uwanja wa Mtakatifu Petro uliokuwa mtupu, mvua ikinyesha, Injili ikiwa ile ya dhoruba baharini. Lakini andaeni chombo mapema. Tafuteni redio ndogo ya betri, jueni masafa ya redio ya Kikatoliki inayosikika kwenu, na betri za akiba ziwepo. Bando huisha, umeme hukatika. Na saa ya Misa ikifika, kaeni kama watu walioko kwenye Misa. Sufuria iepuliwe, watu wavae, wasimame panaposimamwa.

Sasa nije kwenye jambo zito kuliko yote, yaani sakramenti za mgonjwa. Watu wengi bado huita padre pumzi zikiwa za mwisho, kwa dhana kwamba mpako, yaani sakramenti ya kupaka mgonjwa mafuta matakatifu, ni tangazo la kifo. Wakati wa mlipuko wa maradhi dhana hiyo ni hatari maradufu, kwa sababu mgonjwa akishaingia wadi ya kutengwa huenda padre asiruhusiwe kumfikia. Mwenye ugonjwa wa muda mrefu, au mzee aliyedhoofika, aombe mpako na aungame leo, angali nyumbani. Muulizeni paroko maswali haya kabla ya dharura: nani wa kupigiwa usiku? Ni padre yupi hana maradhi yatakayomweka hatarini zaidi, ili awe ndiye wa kutumwa? Je, parokia ina mavazi ya kujikinga? Sheria ya Kanisa inaruhusu padre kupaka mafuta kwa kutumia kifaa badala ya kidole panapokuwa na sababu nzito, lakini ni padre tu anayeweza kutoa sakramenti hiyo. Kitubio nacho, yaani kuungama dhambi kwa padre, hakifanyiki kwa simu.

Basi asiyefikiwa na padre afanyeje? Kila Mkatoliki afundishwe jibu hili akiwa mzima. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 1452, inafundisha kwamba majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu kuliko vyote, huondolea hata dhambi za mauti, ikiwa mtu ana nia thabiti ya kuungama mara tu atakapoweza. Machi 2020 Idara ya Toba ya Kitume, ofisi ya Vatikani, ilikumbusha hilo, na ikatoa pia rehema kamili (kufutiwa adhabu iliyobaki ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) kwa aliye katika hatari ya kufa asiyeweza kupata mpako wala Komunyo ya mwisho, mradi awe na moyo ulio tayari na awe alizoea kusali maishani mwake. Ilipendekeza atumie msalaba. Kwa hiyo sala ya kutubu ikaririwe hadi iweze kusemwa bila kufikiri, na katika mfuko anaobeba mgonjwa kwenda hospitali watie rozari, msalaba mdogo, na karatasi yenye jina lake la ubatizo na nambari ya parokia. Sisi tulimzika mzee mmoja ambaye muuguzi, asiye Mkatoliki, alimshikisha msalaba kwa sababu aliukuta kwenye mfuko huo pamoja na maelezo. Familia yake bado huzungumzia msalaba huo.

Ubatizo wa dharura nao ufundishwe kwa kila mtu mzima, hasa wakunga na mama wakubwa. Mwagia maji kichwani huku ukisema, "Fulani, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kisha taarifa ifike parokiani iandikwe. Ni kwa hatari ya kufa tu, si kwa kuogopa foleni.

Mazishi yatabana. Aprili 2020 waombolezaji hawakuruhusiwa kuzidi 15, nasi ni watu tuliozoea matanga ya wiki nzima. Kila familia iamue mapema nani ataongoza sala ikiwa katekista hatafika, na jumuiya iahidi kwa maandishi Misa ya kumwombea marehemu kanisa likifunguliwa. Tuliandika ahadi saba, na tulizitimiza zote saba.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi ingawa ndizo zilizotutia aibu. Sadaka za Jumapili ziliposimama, katekista wetu, mlinzi na mama anayefua nguo za altare walikaa bila mshahara. Parokia iwe na nambari ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la parokia, si la mtu, itangazwe altareni mara nyingi kabla ya shida ili matapeli wasipate pa kuingilia, na hesabu zisomwe kila mwezi. Jumuiya iwe na akiba ya unga, maharagwe na sabuni.

Siku ya kufungua inaandaliwa pia wakati huu. Julai 2020 tuliporuhusiwa kurudi, ilikuwa watu 100 kwa ibada isiyozidi saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 walibaki nyumbani. Parokia iliyokuwa na ndoo za kunawia, waelekezaji waliofunzwa na orodha ya zamu ilianza wiki hiyo hiyo. Zamu ziandikwe kwa jumuiya, si kwa anayewahi kufika, la sivyo wenye magari watajaza viti kila mara. Fundisheni mapema namna ya kupokea Komunyo mkononi kwa heshima. Madirisha yafunguke kweli. Letu la upande wa kwaya lilikuwa limepigiliwa misumari miaka mingi.

Na pale serikali isipofunga makanisa, kazi ya kujikinga inabaki kwetu. Machi 2021 Kanisa Katoliki la Tanzania, ambako serikali haikufunga makanisa, lilieleza kwamba katika miezi miwili lilipoteza zaidi ya mapadre 25 na masista 60 waliokuwa na matatizo ya kupumua. Watawa hula meza moja na kulala chini ya paa moja. Anayependa padre wake asimtembelee akikohoa.

Mwisho, wekeni alama kwenye daftari kwa kila nyumba itakaporudi. Waliotuponyoka zaidi ni watoto. Shule za Jumapili zilibaki zimefungwa hata baada ya wakubwa kuruhusiwa, na walioondoka wakiwa na miaka 11 walirudi wakiwa vijana wasiotaka kukaa na wadogo, wala hawajajua pa kukaa na wakubwa. Sasa tunawapa kazi ya kupiga zile simu za Jumamosi jioni. Nyumba mbili kati ya 23 hazijarudi hadi leo. Mmoja wa vijana hao ndiye anayezipigia.