Mtungi wa Gesi Umefika Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Jiko

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mitungi inaingia majumbani kila siku. Kinachonitia hofu ni namna inavyoingia: bodaboda anashusha, anafunga regulata, kile kifaa cha juu ya mtungi cha kufungulia na kufungia gesi, harakaharaka, anapokea hela yake, anaondoka. Mama aliyepikia mkaa miaka yote anabaki na kitu ambacho hajaelezwa lolote.

La kwanza kulijua ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inashuka na kutambaa sakafuni, inajikusanya chini ya kitanda, kwenye kona, kwenye shimo la maji machafu. Kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Weka mtungi ukiwa wima, karibu na mlango au nje kabisa ikiwezekana, mbali na jiko la mkaa, mshumaa na friji. Najua wengi wetu tumepanga chumba kimoja. Basi hata humo, upande wa mlango ni wa mtungi na upande wa pili ni wa kitanda, wala usiufungie kabatini.

Kabla aliyeuleta hajaondoka, mwambie aupime. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ongeza kilo 6 kwa ule mdogo, mzani useme vivyo hivyo. Angalia lakiri, yaani muhuri wa mdomo wa mtungi, kama haijaguswa. Kisha chungulia mdomo wa valvu, pale regulata inapokaa, uone ile pete ya mpira: ikiwa imekatika, regulata itapiga mluzi hata ukiikaza vipi. Usikubali azibe kwa kipande cha sabuni au nailoni. Mtungi urudi dukani.

Mpira wa kupeleka gesi kwenye jiko nao ukague. Ukunje kidogo kwa vidole. Ukiona vijistari vya nyufa kama vya kiganja cha mkono, nunua mwingine uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, na ufungwe kwa vibano pande zote mbili. Mpira huo usipite chini ya jiko wala nyuma yake penye joto. Panya hupenda kuutafuna, kwa hiyo utazame mara kwa mara.

Sasa koroga sabuni ya unga kwenye maji kidogo mpaka itoe povu zito. Funga vitufe vyote vya jiko, fungua regulata, halafu paka povu kwenye shingo ya mtungi, kwenye kiungio cha regulata na kwenye ncha zote mbili za mpira. Subiri. Povu likivimba na kutoa mapovu mapya, panavuja. Wapo wanaopima kwa njiti ya kiberiti. Usithubutu. Rudia kipimo hiki kila unapobadilisha mtungi.

Wakati wa kuwasha, kiberiti kwanza, kitufe baadaye. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na kupaka sufuria masizi, safisha kichomeo na ufungue mlango, maana gesi isiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Gesi ikikaribia kuisha, usilaze mtungi wala kuupindua ili umalizie kilichobaki. Gesi ya majimaji itaingia kwenye regulata.

Gesi yenyewe hainuki. Harufu ile huongezwa makusudi ili ituamshe. Ukiisikia usiku, usiwashe taa, na kama inawaka usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche. Simu iache kwanza. Funga regulata kama unaifikia, fungua milango na madirisha, toa watu wote, wagongee wapangaji wenzako wasiwashe kitu. Ukiwa nje, mbali, ndipo upige 114, namba ya Zimamoto.

Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Maji hapana, yatarusha moto ukutani.

Haya yote ayajue kila anayepika, siyo wewe uliyelipia mtungi tu. Dada wa kazi afunge na kufungua regulata mwenyewe ukiwa unamtazama, mpaka aizoee, na ile 114 iandikwe kwa herufi kubwa karibu na mlango.