Mtu akikuuliza kitabu kilikuwaje, umjibu vipi

Hapa Lamu ukionekana na kitabu mkononi basi ushatafuta maswali, utaulizwa barazani, utaulizwa kwenye boti ya Mokowe, na jibu la wengi ni lile lile, "kizuri, kina mafunzo". Sasa hilo linamsaidia nani? Ni jibu la shule hilo, tulizoea kuulizwa dhamira na maudhui na sifa za wahusika, mtihani ukaisha zamani lakini ulimi umebaki pale pale. Nawapa namna ninavyofanya mimi, na mie si mwalimu, ni msomaji wa jioni tu.

Anza kabla hujamaliza kusoma. Fungua noti kwenye simu uandike ukurasa uliokuchekesha, uliokusinzisha, uliourudia. Manake ukishakifunga kitabu akili inabaki na mwisho peke yake, mwisho ukiwa mbovu unakihukumu chote.

Ukifika kwenye kusema, hadithi ieleze mpaka pale mambo yanapoanza kuchemka halafu nyamaza. Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999, inatosha useme kuna binti wa Kihindi Unguja enzi za mkoloni anaitwa Yasmin, kaozwa Bwana Raza aliyemzidi umri mbali sana, hamtaki, anamkimbia. Basi, hapo mtu ashajua kama anakitaka au hakitaki, yaliyobaki muachie mwenyewe, kuna watu barazani wakihadithia kitabu hawabakishi hata jalada wallahi. Halafu sema lako wewe. Mimi nilimpenda Yasmin kuliko Denge, yule kijana anayempinga mkoloni, huyo Denge na siasa zake namheshimu lakini kila Yasmin akitoka kwenye ukurasa nilikuwa natamani arudi. Maneno kama hayo mtu atabishana nayo mpaka adhana ya isha, "kina mafunzo" utabishana nayo vipi?

Lakini "sikukipenda" si sawa na "kibaya", na hapa ndo wengi wanateleza, hasa mwandishi akiwa na jina kubwa. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel 2021 kila mtu akawa anasifu, hata ambaye hajafungua ukurasa. Peponi, ile Paradise yake ya 1994 aliyoitia Kiswahili Ida Hadjivayanis, inamfuata Yusuf, kijana anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la babake, wakaingia bara na msafara. Ukweli wangu ni kwamba Yusuf kaniudhi, kimya chake kirefu, anatazama tu, yaani nilitaka kumtikisa. Ila ukikaa ukafikiria, mtoto aliyewekwa rehani atasema nini na kwa nani? Kwa hiyo mimi huwa nasema yote mawili, kwamba kaniudhi na kwamba anayependa hadithi za safari na biashara za zamani atakifurahia, akitaka mapigano kila sura atachoka mapema.

Kitabu kikiwa kinahusu kwenu ndo balaa. The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, 2019, inaanzia Pate, binti anaitwa Ayaana mwisho anafika Uchina. Sisi watu wa visiwani tunakisoma kama wakaguzi, hii njia haipiti hapa, huyu mama asingeongea hivi. Kagua, ni haki yako, lakini isiwe ndo maoni yote, ile ni riwaya si ramani. Mie ninachowaambia watu ni Kiingereza chake, kizuri lakini kizito, sentensi zinazunguka, si kitabu cha kusoma ndani ya basi la Mombasa na mtoto wa jirani anakupigia kelele sikioni.

Mashairi ya zamani je? Hayo usiyaeleze sana, soma beti mbili kwa sauti watu wasikie wenyewe. Na kama ni utendi wa Mwana Kupona, aliomtungia binti yake 1858, jipange, manake yale ya kumtii mume wasichana wa sasa hawayamezi na kina bibi hawataki yaguswe. Waachie wazee waseme mwanzo, nawe ukipata zamu sema beti gani imekugusa na ipi unaikataa, na kwa nini, kwa adabu, bila dhihaka. Mimi yale mahimizo ya utiifu yananikwaza, ila sauti ya mama mgonjwa anayemwita mwanawe akae karibu inanishika kila mara.

Vya kuachia njiani pia vina maoni yake, sema tu umeishia ukurasa wa ngapi na nini kilikuchosha. Na ukituma voisi kwenye grupu isizidi dakika mbili, nduzangu, bando ni pesa.